Maoni Kabla ya Ukurasa wa Mwisho: Namna ya Kuzungumzia Riwaya ya Vijana Ukiwa Bado Unaisoma

Muulize mtu aliyepita sekondari zetu riwaya anayoisoma ikoje. Mara nyingi atajibu kama anajaza karatasi ya mtihani: dhamira ni malezi na mapenzi, mhusika mkuu ana msimamo, mwandishi ametumia methali na tashbiha, kitabu kinafundisha. Jibu hilo linaweza kuvishwa riwaya ishirini na lisibane popote. Aliyeuliza anabaki hajui akitafute kitabu au akiache.

Fani na maudhui ni vyombo vya kitabu kilichokwisha. Aliye katikati ya riwaya ana kitu kingine, na kitu hicho kitamtoka siku atakapofunga jalada: bado hajui yatakayotokea. Ana mashaka, anakisia, amemchukia mtu ambaye huenda baadaye atamwonea huruma. Maoni yake yana thamani kwa sababu hiyo, ilimradi yatolewe kwa namna ambayo mwenzake anaweza kuyatumia.

Anza kwa kutaja ulipofika, na utaje kwa sura. Namba za kurasa hazitegemeki. Toleo la zamani na la sasa hutofautiana, na kwenye simu kila anayekuza maandishi hupata namba zake mwenyewe. "Nimefika sura ya 6 kati ya 14" humtosha kila mtu. Kama sura hazina namba, taja sehemu: robo ya kwanza, nusu, karibu theluthi mbili. Kosa la kawaida ni kutaja mahali kwa tukio. Ukisema "nimefika pale baada ya mazishi", aliye sura ya 2 ameshajua kuna mtu atakufa, na kuanzia hapo atakuwa anahesabu nani anakohoa.

Hapo ndipo kwenye suala la kuharibu uhondo. Watu wengi hudhani kumwaga mtama ni kutaja mwisho tu. Yapo maneno madogo yanayomwaga zaidi. "Usimzoee sana yule kaka" ni taarifa ya msiba. "Subiri ufike sura ya 11" humfanya mtu azipite sura nne kama abiria anayesinzia mpaka kituo chake. Hata "mwisho utakushangaza", ambayo husemwa kwa nia njema kabisa, huharibu, kwa kuwa msomaji huacha kuishi na wahusika akaanza kuwinda hila ya mwandishi. Kipimo kinachofaa ni robo. Yaliyotokea ndani ya robo ya kwanza ya kitabu yazungumze waziwazi, maana bila hayo huwezi hata kueleza riwaya inahusu nini. Ukishapita robo, zungumzia namna mambo yanavyosimuliwa, na matukio yenyewe yaache yalipo.

Usiliamini sana jalada la nyuma. Baadhi ya majalada yetu husimulia kisa mpaka karibu na tamati, na dibaji za riwaya zinazotahiniwa ni hatari zaidi, kwa sababu huandikwa kumsaidia mwalimu. Dibaji isome mwisho. Mwongozo wa wanafunzi usiufungue kabisa mpaka umalize. Aliyeanza na mwongozo huwa anahakiki muhtasari tu, na utamjua haraka: anajua jina la kila mhusika ila hakumbuki sentensi hata moja.

Kwenye kundi la wasomaji lenye Watanzania na Wakenya kuna mtego mwingine. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu zimepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania. Huko Kenya, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri zimesomwa madarasani kwa namna hiyohiyo. Kila upande hudhani vitabu vyake vinajulikana na wote, hivyo huvitaja mpaka mwisho bila kufikiri. Mtu wa Nairobi anayeifungua Takadini leo kwa mara ya kwanza ni msomaji mpya. Uliza kwanza nani hajakisoma, kisha ndiyo uzungumze.

Sasa, utasema nini? Tafuta penseli na ukanda wa karatasi wenye upana wa vidole vitatu, ukae ndani ya kitabu kama alama ya ulipofika. Kila umalizapo sura, andika juu yake sentensi moja tu: jambo unalotaka kulijua sasa. Usiandike muhtasari. Andika swali lenyewe: "Barua ilitoka kwa nani?" "Kwa nini mama haulizi binti yake anarudi saa ngapi?" Baada ya sura nne, zisome sentensi hizo kwa mfululizo. Kama maswali yanabadilika na kuzaana, hadithi inakwenda. Kama swali ni lilelile sura tatu mfululizo, rudi uangalie kama katika sura hizo umeongezewa chochote juu yake, hata dokezo. Kama umeongezewa, hiyo ni taharuki, na mwandishi anajua anachofanya. Kama hukuongezewa kitu, hadithi imekwama, na sasa una ushahidi wa kusema hivyo badala ya kulalamika tu kwamba kitabu kinachosha.

Maoni mazuri ya katikati hayahitaji zaidi ya sentensi sita. Ulipo; kinachokuvuta au kinachokukwaza; mahali kinapoonekana; unachokisia; na nani unadhani atakifurahia. Kwa mfano, juu ya riwaya ya msichana aliyehamishiwa kwa shangazi yake: "Niko sura ya 5 kati ya 12. Mazungumzo ya binti na shangazi yananishika, hasa wanapogombania mambo madogo kama sufuria na saa za kulala, maana ugomvi mkubwa uko chini yake. Sura za shuleni bado ni nyepesi. Walimu wote wana sauti moja. Nadhani shangazi anaficha jambo kuhusu kuhama huku, kwa sababu kila akiulizwa anabadilisha mada. Anayependa hadithi za ndani ya nyumba atakaa nayo." Msomaji hapa amepata cha kuamulia, na hakuna kilichomwagika, kwani kukisia si kufichua mradi ni kisio la kweli. Ukishamaliza kitabu, acha kujifanya unakisia. Wenzako watakung'amua mara moja.

Ujumbe wa sauti una shida yake: mtu haoni mbele, kwa hiyo hawezi kuruka. Ukitumia sauti, sekunde za kwanza taja kitabu na sura, na usizidishe dakika mbili.

Riwaya za vijana zina vipimo vyao, na cha kwanza ni jicho linalosimulia. Mhusika wa miaka 15 anayesimulia kwa nafsi ya kwanza anapaswa kuona kama mtu wa miaka 15. Chagua kurasa mbili zenye tatizo zito, pigia mstari kwa penseli kila sentensi ambayo kijana huyo asingeweza kuifikiria wakati ule. Moja au mbili hazina neno. Zikifika tano au sita, kuna mtu mzima amejificha nyuma ya pazia na kanzu inaonekana. Ila kuwa mwangalifu kabla ya kuhukumu: kuna riwaya ambazo msimulizi amekwisha kukua na anatazama nyuma, na huyo ana haki ya hekima yake. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inasimuliwa na Kongowea mwenyewe, na msomaji anayeilaumu kwa lugha pevu ajiulize kwanza Kongowea anasimulia akiwa na umri gani. Swali hilo dogo huokoa mabishano mengi.

Cha pili ni lugha ya mazungumzo. Hapa watu hukosea kwa pande zote mbili. Lugha ya mtaani huzeeka haraka. Neno lililowaka Dar es Salaam miaka kumi iliyopita leo linaweza kumfanya kijana acheke mahali pa kulia. Huo ni uchakavu, na si kosa la ufundi: taja mwaka kitabu kilipochapishwa kisha uendelee. Kosa la kweli ni neno lisilo la mahali pale, kama kijana wa Kisumu anayezungumza kama aliyekulia Ilala, au Sheng iliyonyunyizwa neno mojamoja kwenye sarufi ya kitabu cha darasani. Ukitaka kuhakikisha, soma mazungumzo ya ukurasa mmoja kwa sauti. Ulimi utakwama kabla jicho halijaona. Wala usimlaumu mwandishi wa Unguja kwa kuandika "skuli". Wahusika wake wanakwenda skuli.

Kwa tafsiri, usimtwishe mtunzi mzigo wa mtafsiri. Kama matukio yana nguvu ila watu wanaongea kama matangazo ya redio, shaka ielekeze kwenye tafsiri. Kama lugha inateleza ila hakuna anayetaka kitu chochote, shaka irudi kwa mtunzi. Kwenye maoni yako sema wazi kwamba unasoma tafsiri.

Halafu kuna yule mjomba. Riwaya nyingi za vijana huwa nzuri mpaka robo ya mwisho, ndipo anapotokea mjomba mwenye fedha, au mfadhili, au mwalimu aliyekuwa kimya tangu sura ya 2, akalipa ada na kufunga hadithi. Ukiwa katikati unaweza kuliona jambo hili likija. Orodhesha watu wazima wote waliokwisha tajwa na uandike mbele ya kila jina alifanya nini. Mtu mzima aliyetajwa kwa heshima mara moja bila kufanya kitu chochote ndiye wa kumtilia shaka. Hilo linafaa kusemwa katika maoni kama hofu: "naogopa kijana atatatuliwa tatizo lake na mkubwa." Mara chache hofu hiyo hukosea, na ikikosea ni furaha.

Swali la kama kitabu kinawafaa vijana huzushwa zaidi na wazazi na walimu kuliko vijana wenyewe, na si la jana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa shuleni, kisha miaka ya baadaye ikaingia humo humo shuleni kama kitabu cha kusomwa. Kwa hiyo badala ya kutangaza kwamba kitabu hakifai, toa tahadhari yenye mahali na kiasi: "sura ya 7 ina kipigo cha mtoto, kurasa mbili, kimeelezwa kwa undani." Mzazi ataamua, na kijana aliyepitia jambo kama hilo atajua asianze sura hiyo usiku akiwa peke yake. Neno "chafu" halimsaidii yeyote. Humfanya kijana akitafute kitabu haraka zaidi, jambo ambalo, kusema kweli, si hasara.

Nyota za kukipima kitabu ziache mpaka mwisho. Nyota tatu ukiwa sura ya 4 hazina maana yoyote, na wengi wetu tukishatangaza idadi huona aibu kuibadilisha, tukaanza kusoma ili kuitetea.

Mkisoma pamoja, gaweni kitabu kabla ya kuanza. Riwaya ya kurasa 160 kwa wiki nne ni kurasa 40 kwa wiki, yaani kama 7 kwa siku na siku moja nyeupe ya kumngojea aliyechelewa. Vituo vitatu vya mazungumzo vinatosha: robo, nusu, na mwisho. Kituo cha robo tatu kiruke. Hapo ndipo walio mbele hushindwa kujizuia, na walio nyuma huanza kusoma mbiombio kwa hofu ya kumwagiwa. Kama nakala ni moja kwa watu wanne, mpangilio wa siku tano tano hukamilisha mzunguko kwa siku 20. Maoni ya robo na ya nusu yaandikwe na kutunzwa, yasomwe na wote mwishoni. Picha za kurasa nzima za kitabu zisizungushwe kwenye simu. Sentensi moja au mbili ulizozipenda zinatosha kuonyesha ladha, na mwandishi bado anahitaji kuuza.

Kuacha kitabu njiani kunaruhusiwa. Ile kanuni ya kuvumilia kurasa 50 haifai kwa riwaya nyembamba, kwani kwenye kitabu cha kurasa 120 utakuwa umekaribia nusu. Sura tatu ni haki kwa mwandishi. Ukiacha, sema uliacha wapi na kitu gani kilikuachisha, na usiseme lolote juu ya mwisho usioujua. "Niliacha sura ya 3, wahusika saba walitambulishwa kwenye ukurasa mmoja" ni maoni kamili, na kuna msomaji ambaye idadi hiyo haitamtisha hata kidogo.

Ukimaliza kitabu, chukua ule ukanda wa karatasi uangalie makisio yako. Maoni ya mwanzo usiyafute. Ongeza chini yake ulipopatia na ulipopotea, kwa sababu anayeanza kesho atapenda kujua riwaya ilikupoteza wapi na kwa mbinu gani. Na kama kitabu ni cha kuazima, hakikisha ukanda umeutoa kabla ya kukirudisha. Una maswali yako yote mpaka sura ya mwisho, na anayefuata akiuona umeshamwaga mtama bila kufungua mdomo.