Kwa wewe unayeanza kukusanya imeli za wateja

Kila mwenye duka dogo Nairobi ana namba za wateja kwenye simu, lakini wenye orodha ni wachache. Namba hujiingiza zenyewe: mtu amelipa kwa Till, amepiga kuuliza bei, ameandika WhatsApp saa nne usiku akitaka kujua kama mtakuwa wazi kesho. Orodha ni ya watu waliosema "ndiyo, niandikie", tena wakijua wataandikiwa nini. Ukishika jambo moja katika haya yote, shika hilo la ruhusa. Karibu kila orodha iliyoharibika niliyoletewa niitengeneze ilikuwa imeanza bila watu kuulizwa.

Mimi niko kwenye biashara ya miche ya mboga na maua, kando ya Ngong Road. Nimesaidia pia wenzangu wanaouza vifaa vya kuoka, viatu vya ngozi na vitabu vya watoto kuanzisha orodha zao. Mifano mingi itatoka kitaluni kwa kuwa huko ndiko ninakokujua vizuri.

Wengi huniuliza kwanza: kwani WhatsApp haitoshi? WhatsApp ni nzuri, usiiache. Lakini orodha moja ya matangazo humo inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Mteja aliyepita mwezi wa nne akanunua mche mmoja wa limau hajakuhifadhi. Halafu kuna siku kama ile ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, jioni hadi usiku kwa saa zetu. Aliyekuwa na wateja wake wote humo alikaa akisubiri kama mpangaji aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba. Anwani za barua pepe unazipakua, unaziweka kwenye faili yako, na ukihamia huduma nyingine unahama nazo.

Sasa tuje kwenye kuuliza, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Usimwambie mteja "tuachie imeli tukutumie ofa." Ameshasikia hayo kwenye supamaketi, benki na kwa kila aliyewahi kumpa kadi ya pointi. Mwambie kitu anachokitaka kweli. Kitaluni tunauliza hivi: "Mvua ikikaribia tunaandikia wateja kuwaeleza cha kupanda na miche iliyoko. Ungependa tukuandikie?" Muuza vifaa vya kuoka anauliza: "Kila mwezi natuma njia moja ya kuoka keki na bei za unga na siagi. Nikuweke?" Swali lina mambo mawili, utatuma nini na utatuma lini, na mteja anajibu akijua anachokubali. Akisema hapana, mshukuru umfungie miche yake. Kesho anaweza kurudi mwenyewe kuomba aandikwe, na nimeona hilo likitokea.

Wakati mzuri wa kuuliza ni pale mnaposubiri meseji ya M-Pesa iingie. Mteja ameshaamua kununua, simu iko mkononi, na mmesimama tu mnatazamana. Akiwa bado anapima bei, au amebeba mtoto na matatu inapiga honi, mwache.

Kuandika kwenyewe kunataka uangalifu. Daftari kubwa lililofunguliwa kaunta ni baya, kwa sababu kila anayeandika anasoma majina na anwani za waliomtangulia. Tumia vikaratasi, kimoja kwa kila mtu: jina, anwani, tarehe, na sentensi moja iliyochapwa inayosema amekubali kuandikiwa nini. Mwache aandike mwenyewe, kisha msomee herufi kwa herufi. Hapo ndipo utajua kama hiyo ni n au m, kama jina lina l moja au mbili, kama kati yake kuna nukta au kistari cha chini. Anwani yenye herufi moja mbaya hurudisha barua, na barua nyingi zikirudi, mashine za Gmail na wenzake zinaanza kukuona kama mtu anayekisia anwani. Jioni hiyohiyo ziingize kwenye kompyuta, na vikaratasi vihifadhi kwenye faili, kwa maana ndivyo ushahidi wako wa ridhaa. Kama wateja wako ni wa simu janja, bandika msimbo wa QR kaunta inayofungua fomu fupi ya jina na anwani. Usiongeze tarehe ya kuzaliwa, mtaa anakoishi wala namba ya kitambulisho. Usichokihitaji usikiulize, maana ukishakipokea una jukumu la kukilinda.

Jukumu hilo ni la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake, na kanuni za mwaka 2021 zinataka mtu aelezwe kwamba atatumiwa matangazo, akubali, na apewe njia rahisi ya kujiondoa. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, isipokuwa iwe katika shughuli ambazo kanuni zimezitaja, kwa mfano afya, elimu, usafirishaji au huduma za kifedha. Lakini kutosajiliwa si kusamehewa sheria. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Duka dogo likipigwa faini ya aina hiyo halifungui tena.

Kwa hiyo anayekuletea faili ya "imeli 10,000 za Nairobi" kwa bei ya chakula cha mchana, mwambie hapana. Watu hao hawakukujua wala hawakukubali. Vivyo hivyo namba na anwani zilizoingia kwa malipo tu: mtu alilipia mche, hakuomba barua.

Vifaa nitavipitia haraka, kwa sababu wanaoanza hupoteza wiki nzima wakilinganisha programu huku hawajauliza mteja hata mmoja. Mailchimp, Brevo, MailerLite, yoyote kati ya hizo itakufaa kuanzia, na zina mipango ya bure kwa orodha ndogo. Soma masharti ya siku unayojiunga kwa sababu hubadilika. Fungua akaunti kwa anwani ya biashara, si ya kijana wa kaunta ambaye mwaka ujao atapata kazi kwingine aondoke na nywila. Kutuma kwa Gmail ya kawaida kunawezekana mkiwa wachache, ingawa kuna kikomo cha barua 500 kwa siku. Kama ni lazima uanzie huko, weka anwani zote kwenye Bcc, nafasi ambayo wapokeaji hawaonani. Ukiziweka kwenye nafasi ya mpokeaji, umemgawia kila mteja anwani za wenzake.

Jambo moja la kifundi usilikwepe: nunua jina lako la mtandao, la .co.ke kwa mfano, na utume kutoka anwani ya jina hilo. Huduma ya kutuma barua ikitumia anwani yako ya Gmail, mashine inayopokea inaona barua inayodai kutoka Gmail ilhali haikutoka huko, na mara nyingi huitupa kwenye taka. Ukiwa na jina lako, huduma itakupa mistari ya kuweka kwenye mipangilio ya jina hilo, inayoitwa SPF, DKIM na DMARC. Ndiyo inayothibitisha kwamba barua ni yako kweli. Kama huielewi, muombe aliyekuuzia jina akuwekee, kisha jitumie barua ya majaribio uone ilikoangukia.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti. Google inataka malalamiko, yaani watu wanaobonyeza "ripoti taka", yasifike asilimia 0.3. Piga hesabu. Hizo ni barua tatu katika kila elfu. Mwenye orodha ya watu 300 akilalamikiwa na mtu mmoja tu ameshavuka. Ndiyo maana nasema tena na tena kwamba watu 80 waliokubali wana thamani kuliko 2,000 wa kuokotwa. Hao wa kuokotwa watakulalamikia, kisha hata wale 80 hawataziona barua zako.

Barua ya kwanza iende siku hiyohiyo mtu anapojiandikisha, akiwa bado anakukumbuka. Mwambie wewe ni nani, mlikutana wapi, utamwandikia mara ngapi, na namna ya kujiondoa. Muombe abonyeze kiungo kuthibitisha kwamba anwani ni yake. Wachache watasahau kubonyeza, na hilo lisikusumbue.

Baada ya hapo andika kama unavyozungumza kaunta. Kichwa cha barua kiseme kilichomo. Hii hapa inafanana na zetu za mwezi wa tatu:

"Masika yamekaribia: cha kupanda kwenye gunia na balkoni. Habari ya asubuhi. Wengi mmeuliza kipi kinafaa nafasi ndogo. Miche ya sukuma wiki iko tayari, ina wiki tano. Panda jioni jua likipoa, kandamiza udongo kuzunguka shina, na umwagilie hata kama mawingu yamejaa. Saga tunauza mbegu, si miche, kwa sababu haipendi kuhamishwa. Rozmeri iweke mahali ambapo mvua haitatuamisha maji kwenye mizizi. Tuko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ukiwa na swali, jibu barua hii."

Basi, hiyo inatosha. Asiyenunua chochote amejua kwamba saga hupandwa kwa mbegu, na mwezi ujao atafungua tena. Lugha ni ya wateja wako: kama kaunta mnachanganya Kiswahili na Kiingereza, barua ichanganye. Usijivike urasmi ambao hakuna anayeuona dukani.

Tafadhali usitume bango la picha. Najua wengi tuna mtu wa kututengenezea bango zuri lenye rangi, bei na picha. Ikiwa barua yote ni picha moja, mwenye bando dogo huona kiboksi cheupe, na asiyeona vizuri, simu haiwezi kumsomea. Bei, mahali, saa na namba ya simu viandikwe kwa maneno, picha moja ndogo ifuate. Na usimzoeshe mteja kulipa kupitia kiungo cha kwenye barua. Matapeli wanatumia njia hiyo, na siku watakapojifanya wewe, mteja wako awe anajua kwamba nyinyi hamlipishi hivyo.

Kuhusu wakati, fuata kalenda ya wateja wako. Kwetu ni wiki mbili kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, pamoja na barua fupi ya kila mwezi. Muuza vitabu vya watoto ana wiki za kabla ya shule kufunguliwa. Wa viatu ana siku za mishahara. Januari, karo zikiwa zimekausha mifuko, tuma maarifa, si bei. Ukishaahidi mara moja kwa mwezi, iwe mara moja kwa mwezi. Kunyamaza miezi minane kisha kuibuka Desemba na punguzo ndiko kunakowafanya watu waulize, huyu ni nani, na kubonyeza taka.

Huduma itakuonyesha asilimia ya waliofungua barua. Usiitegemee sana. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha zilizofichwa, zile zinazotumika kuhesabu waliofungua, hata kabla mtu hajasoma, hivyo hesabu huvimba. Hesabu waliojibu, na wanaofika wakisema "niliona barua yenu." Weka alama pembeni ya daftari la mauzo kila mmoja anaposema hivyo. Kwa duka dogo hakuna kipimo bora.

Wapo watakaojiondoa, na kila barua iwe na kiungo cha kuwawezesha. Usiwapigie simu kuuliza kulikoni. Asiyegusa barua wala kufika dukani mwaka mzima, muandikie mara moja umuulize kama bado anataka, na akinyamaza mfute.

Wanaojibu, wajibu siku hiyo, wewe mwenyewe. Mama mmoja wa Kasarani aliuliza kwa nini majani ya limau lake yanajikunja, akaambatisha picha. Tukamwambia ageuze jani atazame chini yake. Palikuwa na vidukari. Tukamweleza avioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni, na arudie baada ya siku chache. Barua iliyofuata kwa orodha nzima ilikuwa hiyo: geuza jani la limau utazame chini. Ndiyo iliyojibiwa zaidi mwaka ule, wengi wakituma picha za majani yao.