Kijani kwenye dashibodi sio ushahidi

Madogo mnaoanza kazi ya database za PostgreSQL hapa Mwanza, juzi nimekaa na kijana wa fildi kwenye ofisi moja pale Kenyatta Road, nikamuuliza replika, yaani nakala ya database inayofuata seva kuu, ikoje, akanigeuzia laptop nione Grafana, ile dashibodi ya kufuatilia seva, yote kijani. Nikamwambia sawa, imechelewa nyuma ya praimari, hiyo seva kuu, kwa kiasi gani? Kimya. Kila anayekuja ni hivyohivyo, na kwa kuwa nawapenda inabidi niwaambie tu.

1. Replika iliyokatika haipigi kelele. Wengi mnaweka alamu kwenye replay_lag, muda ambao replika imechelewa, ikizidi sekunde kadhaa simu ilie. Ni sawa, ila replika ikikatika kabisa mstari wake unatoweka kwenye pg_stat_replication, orodha ya replika zilizounganishwa na praimari, haibaki pale na namba kubwa, haipo tu, kwa hiyo alamu haina cha kupima na wewe umelala zako Nyegezi. Hesabu mistari kwanza! Inatakiwa miwili upo mmoja, amka. Halafu ukipima kwa pg_last_xact_replay_timestamp(), saa ya muamala wa mwisho ulioigwa na replika, usiku ambao hamna anayeandika kitu, utaambiwa replika imechelewa nusu saa wakati iko sawasawa na praimari, maana hamna muamala mpya. Tengeneza jedwali dogo ambalo praimari inaandika saa kila baada ya sekunde chache, soma hiyo kwenye replika.

2. etcd, programu inayotunza kwa kura nani ni praimari, ziwe tatu, na zisikae kwenye mashine moja wala UPS moja. Zikiwa mbili, moja ikianguka hakuna wingi wa kura na Patroni, programu inayosimamia klasta, inaishusha praimari isiandike. Msiikasirikie, manahodha wengi chombo huenda mrama, praimari mbili zikiandika kwa pamoja data zinaachana na hamna amri ya kuzipatanisha.

3. Sloti, alama inayoiambia praimari itunze WAL (kumbukumbu za mabadiliko) hadi replika izisome, isipotumika inajaza diski. Weka kikomo kwa max_slot_wal_keep_size, ipo tangu PostgreSQL 13.

4. Bakapu. Hapa nitaongea sana mnivumilie. Tarehe 31 Januari 2017 kule GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa programu za watu, replika iliachwa nyuma, injinia akahangaika nayo hadi usiku, pg_basebackup, amri ya kunakili data upya toka praimari, haisogei, akaamua kufuta folda ya data kwenye replika aanze upya. Kumbe yuko kwenye praimari. Alishtuka ndani ya sekunde moja mbili, ila GB kama 300 zilikuwa zimeshaondoka. Basi wakakimbilia bakapu, hamna kitu: pg_dump, amri ya kutoa bakapu, iliyokuwa inatumika ni ya toleo 9.2 wakati database ni 9.6, kwa hiyo ilikuwa inafeli kila siku, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliyezipata. Kilichowaokoa ni snapshoti, picha ya diski nzima, ambayo mtu aliipiga kwa mkono masaa sita kabla, tena kwa kazi nyingine kabisa. Yaani watu wazoefu, mitambo ya maana, na hakuna aliyewahi kuuliza faili la jana liko wapi na lina ukubwa gani.

Kwa hiyo kabla hujafuta chochote andika hostname, soma kwa sauti, kisha SELECT pg_is_in_recovery(), ikirudisha f ondoa mkono kwenye kibodi maana hiyo ndo praimari. Na bakapu irudishe kwenye seva tupu kila wiki, fungua, tafuta muamala wa mwisho ni wa saa ngapi. Jumamosi hii fanyeni patronictl switchover, yaani kubadilisha praimari na replika kwa makusudi, kwenye klasta ya majaribio, mchana, watu wote wapo, na mtu mmoja akae na saa aandike programu zimeshindwa kuandika kwa sekunde ngapi.