Daktari Wako Mtandaoni: Maswali Yenu Tumeyajibu

Nilijifungua kwa upasuaji. Miezi miwili baadaye wifi yangu akaniletea simu: picha ya mshono wangu iko Instagram, kwenye ukurasa wa daktari aliyenizalisha. Sura haipo, ila baka langu la kuzaliwa chini ya kitovu linaonekana, na kanga yangu pia. Fomu niliyotia saini siku ile ndiyo ilimpa ruhusa?
*Msomaji, Tanga*

Pole sana, dada. Haikumpa. Fomu ile ni ya kukubali upasuaji, ganzi, na pengine kuongezewa damu. Picha ya kuonyesha kazi ya daktari mtandaoni inahitaji kibali chake peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa kawaida zinataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe.

Kibali kinachoeleweka hutaja picha yenyewe, ukurasa itakapowekwa, sababu yake, na utaratibu wa kuiondoa ukibadili nia. Kiombwe umeshakaa vizuri na kuvaa nguo zako. Mama aliyelala na mpira wa mkojo, anayemngoja daktari huyo huyo amwandikie dawa ya maumivu, atamkataliaje?

Madaktari wengi hudhani kuficha sura kunatosha. Haitoshi. Wifi yako hakuhitaji sura. Kovu, kanga, tarehe, hata maneno “mama wa mapacha watatu” katika mji mdogo ni sawa na kutaja jina.

Sasa fanya hivi. Kabla hujamwambia mtu, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la ukurasa na tarehe, kisha nakili kiungo. Usiandike pale chini “huyu ni mimi”, maana utakuwa umewathibitishia hata waliokuwa wanakisia. Mwandikie daktari barua, nakala kwa mganga mfawidhi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dai picha iondolewe ukurasani, kwenye simu yake, kwenye makundi ya WhatsApp alikoituma, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hii ya mwisho husahaulika: simu nyingi hujipandishia picha zenyewe, kwa hiyo kufuta Instagram peke yake hakumalizi kazi. Taja siku ya mwisho ya kujibiwa. Siku 7 zinatosha. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na suala la maadili lipeleke Baraza la Madaktari Tanganyika. Msomaji wa Kenya aanzie Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nimemwomba daktari wangu urafiki Facebook, hajakubali mwezi mzima. Ananidharau?
*Msomaji, Morogoro*

Hapana, kaka. Anakulinda. Ukiwa rafiki yake, ndugu zako wanaweza kuuliza mmejuana wapi, na kama ni kliniki ya CTC, yaani ya wanaoishi na VVU, jibu lake ni siri yako. Mfuate kwenye ukurasa wake wa kazi, kama anao.

Namtumia daktari picha za vipele vya mwanangu kwa WhatsApp. Mara hujibu usiku, mara ananiambia njoo. Nakosea wapi?
*Mama, Mombasa*

Mara nyingi ni picha, mama. Mwanga wa taa ya njano hubadilisha rangi ya ngozi, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida hata mchana. Piga karibu na dirisha, bila flashi: moja ya mbali ionyeshe vimeenea wapi, moja ya karibu ukiweka kalamu pembeni ili ukubwa ujulikane. Usiingize sura. Andika umri, uzito, siku vilipoanza, joto kwa kipimajoto, na dawa alizokwisha kunywa pamoja na kipimo chake. Akikwambia njoo, nenda: kuna vipele ambavyo lazima vishikwe kwa mkono.

Tena bonyeza upele kwa kitako cha glasi safi. Kama haufifii na mtoto ana homa, acha simu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ni hivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Ujumbe wako unaweza kukaa bila kusomwa mpaka asubuhi.