Jamu ya zambarau inayokaa mpaka kipupwe

Dada uliyeuliza kwa nini jamu yako ya zambarau haigandi, na wiki ya pili tu imeshaota ukungu: tatizo lipo kwenye vipimo. Kilo ya zambarau kwa robo ya sukari ni kitu cha kulia boflo leo na kesho, tena kikae ndani ya friji.

Sukari humo si ya utamu tu. Ndiyo inayoyashika maji ukungu ukakosa pa kuotea. Mie hapa Wete nachemsha zambarau na maji kidogo, zikilainika nazisugua kwenye chungio kokwa zibaki juu, halafu ndipo napima: kilo ya rojo kwa kilo ya sukari. Mwenye kuogopa sukari apunguze atakavyo, lakini yake aiweke friza, asiitie kabatini.

Kuganda ni kazi ya pektini, kitu cha kugandisha kilichomo ndani ya tunda lenyewe, na tunda likiiva mno pektini hupungua. Kwa hiyo usichague nyeusi tupu, changanya na chache zenye wekundu. Kama umepata laini zote, chemsha pamoja nazo mapera mawili mabichi, yana pektini nyingi. Kisha maji ya ndimu mbili kwa kilo, yatangulie sukari. Sukari itaupunguza ukakasi ule wa kukamata ulimi. Hautakwisha, na mie sitaki uishe.

Sufuria iwe pana, ya stili. Za alumini siziamini kwa tunda kali, asidi inazila. Sukari ikishayeyuka, zidisha moto na usibanduke hapo. Ukiipikapika kwa moto mdogo rangi inafifia na haigandi. Weka kisahani friza, dondoshea tone, lisukume kwa kidole. Likijikunja, epua. Karafuu, kwa kuwa tuko Pemba, tia mbili tatu, sio zaidi: zikizidi utadhani unakula dawa ya jino.

Chupa zichemke dakika 10, jamu iingie ingali moto mpaka karibu na mdomo, kizibo kiwe kipya. Ukishafungua ni friji na kijiko kikavu.

Hiyo iliyoota ukungu usiikwangue juu ukala ya chini, maana mizizi yake imeshazama usipopaona. Mwaga yote.