Koili ya AC hutoboka pwani. Mtungi wa shaba utadumuje miaka 100,000?

Swali: Mimi ni fundi wa friji na AC, Mombasa. Nimesoma kwamba Finland imechimba mahandaki kisiwani Olkiluoto ili izike humo, daima, fueli ya nyuklia iliyokwisha tumika, ikiwa ndani ya mitungi ya shaba. Hapa pwani kila mara nabadilisha koili za shaba zilizotoboka. Mitungi hiyo itadumuje miaka 100,000? Na maji yakiingia?

Jibu: Fundi, umegusa penyewe. Koili zako huliwa na oksijeni pamoja na unyevu wa chumvi, tena ukuta wake haufiki milimita 1. Shaba ya mtungi ina unene wa karibu sentimita 5, na ndani yake mna chuma cha kusubu kinachohimili mgandamizo. Kubwa zaidi, kwenye kina cha zaidi ya mita 400 hakuna oksijeni. Maji yanayoshuka kwenye nyufa za mwamba hunyang'anywa oksijeni njiani na vijidudu na madini. Itakayobaki siku ya kuziba mahandaki nayo itaishia hivyo hivyo.

Maji yatafika, mpango wenyewe umeanzia hapo. Ndiyo maana kila mtungi huvikwa udongo wa bentonaiti, ule ambao wachimba visima huzibia. Waombe konzi moja, uitie kwenye glasi, umimine maji, ulale. Asubuhi utaikuta imefura na kuwa uji mzito unaonata. Kule chini haina pa kufurikia, basi hujikaza hadi maji yasiweze kutiririka, yapenye tu polepole mno.

Adui anayebaki ni salfaidi, kemikali ya salfa itokanayo na bakteria, maana huila shaba hata pasipo oksijeni. Hapo wasiwasi wako una uzito. Nchini Sweden, kwenye mpango kama huo wa Forsmark, mahakama ya mazingira ilitaka mwaka 2018 mashaka kuhusu shaba yajibiwe kwanza. Serikali iliruhusu mradi Januari 2022. Naona mahakama ilitenda haki: swali la aina hii huulizwa kabla ya kuzika.

Wala Finland haikukurupuka. Ratiba iliwekwa 1983, Bunge likaridhia 2001, kibali cha ujenzi kikatoka 2015. Lengo la kuanza kuzika 2020 likapita.

Wewe wa mambo ya joto utaelewa hili pia: fueli hupozwa majini miongo kadhaa kwanza, kisha mitungi hupangwa kwa kuachana mita kadhaa, ili bentonaiti isizidi nyuzi 100 za Selsiasi. Ikipikwa kupita hapo, inaweza kupoteza uwezo wake wa kufura.