Mtalaka wangu anataka kuhamia kwangu mwezi ukiisha

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, naishi Tabata na wanangu wawili. Baba yao aliniacha kwa talaka moja, mwaka wa tatu sasa. Chanzo ni kubeti. Fedha za kikoba chetu zilikuwa kwenye laini yangu, namba ya siri anaijua, akazihamisha usiku na zote zikaishia kwenye mikeka ya kubeti. Wanachama walikaa barazani kwangu kutwa nzima. Nikauza cherehani nikawalipa. Nilipomlaumu, akaniandikia talaka. Sasa anasema ameacha kubeti, anaendesha bajaji, matumizi ya watoto analeta. Jumapili anakuja kuwaona, na siku hizi anakaa mpaka usiku. Shangazi, bado nampenda. Anasema mimi ni mke wake bado kwa kuwa talaka ilikuwa moja tu, hivyo mwezi ukiisha anahamia. Mama hataki hata kulisikia jina lake. Nifanyeje?
Mama Wawili, Tabata

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokupata. Kumpenda mwanamume uliyezaa naye si ujinga, na asikucheke mtu kwa hilo. Wapo walioachana wakarudiana, na leo wanaishi vizuri kuliko mwanzo. Kwa hiyo sikwambii umkatae. Ninachokataa mimi ni huko kuhamia.

Hilo la kuwa wewe ni mkewe bado si kweli. Talaka moja humpa mume nafasi ya kumrejea mkewe ndani ya eda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, na eda ya mwanamke anayepata hedhi ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi bila hedhi. Yako imekwisha zamani na yeye hakukurejea. Mkitaka kuishi pamoja sasa ni ndoa mpya: ridhaa yako, walii wako (msimamizi wa kukuozesha), mashahidi wawili na mahari mapya. Na ile talaka ya kwanza haifutiki. Akikuoa leo zimebaki mbili. Akibisha, nendeni wote wawili kwa shehe wa msikiti wenu au ofisi ya wilaya ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, akaelezwe wewe ukiwepo. Tena angalia kama shauri lenu lilifika mahakamani. Wengi huishia kwa shehe, lakini kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka. Kama hamkufika, muulizeni mwanasheria makaratasi yenu yakoje kabla hamjafunga nyingine.

Waswahili husema mtalaka hatongozwi. Ndio mlango anaotaka kupitia huyu bwana: anakujua, unamjua, watoto wapo, ya nini kuhangaika? Mwanangu, wewe tongozwa. Atume mshenga kwenu kama alivyotuma mara ya kwanza, na safari hii ajibu maswali ambayo mara ya kwanza hakuna aliyejua kuyauliza.

Maana barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, nikitafuta mahali alipozungumzia zile fedha. Sikupaona. Umeniambia ameacha kubeti, umeniambia analeta matumizi, na yote ni mema. Lakini wale wanawake waliokaa barazani kwako kutwa nzima walikuwa wakikutazama wewe. Wewe ndiye uliyeitwa mwizi, na naamini wapo ambao mpaka leo hawajajua nani alizichukua. Kabla ya posa, aende kwenye kikao cha kikoba, asimame mbele yao aseme: ni mimi, mwenzangu hakujua. Ni jambo la dakika chache na halimgharimu nauli. Akishindwa hilo, hiyo toba anayokusimulia usiku watoto wamelala mimi siiamini.

Halafu mahari. Mahari ni yako, wala si ya baba yako au ya mjomba, na kiwango unakitaja mwenyewe. Taja cherehani. Nzuri, mpya, ya aina unayoitaka wewe, iingie ndani kabla ya ndoa. Usikubali iwe deni. Nimewaona wanawake wengi wakisema mahari wanamwachia tu mwanamume ili wasionekane wana tamaa, lakini kwako cherehani ndiyo kazi iliyokuwa ikikulisha, na ilitoka kwa sababu yake.

Kuhusu kubeti, viapo visikutoshe. Muulize bajaji ni ya nani. Kama ni ya tajiri, hesabu anapeleka kila siku au anarukaruka? Kama ni ya mkataba, amebakiza kiasi gani? Akuonyeshe daftari la marejesho. Dereva anayebeti hujulikana hapo kwanza, kwa sababu fedha ya tajiri ndiyo iliyo mkononi jioni. Kaa miezi kadhaa ukitazama. Na hata mkishaoana, namba ya siri ya laini yako ibaki yako peke yako. Fedha za watu ukipewa tena kuzitunza, zisikae kwenye simu inayolala chumba kimoja naye. Anayetaka kweli kupona ugonjwa huo hatachukia.

Mmeachana muda mrefu, kila mtu na maisha yake. Nendeni mkapime VVU pamoja kituo cha afya. Na umuulize waziwazi kama ana mke au mchumba mahali pengine. Asije akakuingiza kwenye uke wenza ambao hukuuchagua.

Mama yako usigombane naye. Yeye ndiye aliyekuona siku cherehani inabebwa kutolewa ndani. Walii wako kwa kawaida hutoka upande wa baba, kwa hiyo ukoo utalijua jambo hili upende usipende, na ni bora mama alisikie kwako kwanza. Usimwombe akubali siku hiyo hiyo. Mweleze masharti uliyomwekea bwana, basi, umwache ayafikirie.

Watoto wasiambiwe neno mpaka posa ipokewe. Wameshazoea kumwona baba Jumapili, wakizoea kumwona asubuhi na kisha mambo yaharibike, wataachwa mara ya pili.

Jumapili hii akija, mwache akae na wanawe, wale, wacheze. Magharibi ikiadhiniwa mtoe mpaka kwenye bajaji yake na umwambie mambo matatu: kikao cha kikoba, cherehani, mshenga. Usimwekee tarehe, achague mwenyewe aanze lini. Akinuna na kukuuliza kwa nini unamfanya mgeni, usibishane naye barabarani. Ingia ndani, halafu uniandikie amesema nini.