Damu kwenye mkojo ikikatika, usitulie

Kaka yangu aliniita chooni nikaone. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na hakuwa na maumivu hata kidogo. Hospitali alipewa kikopo, kijiti kikachovywa, kikaonyesha damu. Kwa kuwa tumekulia Tanga tukiogelea mabwawani, akapewa dawa za kichocho. Siku ya tatu mkojo ukawa safi, tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Baada ya miezi saba damu ilirudi, safari hii na mabonge. Ndipo alipopigwa ultrasaundi, ukaonekana uvimbe kwenye figo ya kushoto. Ilikuwa saratani.

Kichocho kweli huleta damu, na UTI pia. Tulichokosea ni kudhani damu ikikatika ugonjwa umeisha, kumbe damu ya uvimbe wa figo huja na kupotea. Kile kijiti huonyesha damu, protini, sukari na dalili za maambukizi, lakini saratani hakiioni. Tena figo inaweza kuwa na uvimbe na mkojo ukawa mweupe kabisa; wengi hugundulika wakipigwa picha kwa shida nyingine.

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walieleza kuwa protini mbili, akwaporini-1 na perilipini-2, hupanda kwenye mkojo wa wenye aina kuu za saratani ya figo, na hushuka uvimbe ukitolewa. Natamani sana kipimo hicho kitufikie, maana kikopo cha mkojo kingemwokolea kaka miezi saba. Lakini hakijawa kipimo cha kawaida cha hospitali. Ukiuziwa leo "kipimo cha mkojo cha saratani ya figo", usitoe hela yako.

Ukiona damu, peleka mkojo siku hiyohiyo. Kama unatumia dawa za TB sema, kwani rifampisini hugeuza mkojo rangi ya chungwa. Mwanamke aliye kwenye hedhi naye aseme. Ukimaliza dawa rudi upimwe tena hata kama mkojo umesafika. Na kama damu uliiona kwa macho yako, hasa ukiwa umevuka miaka 40, unavuta sigara, una presha au uzito mkubwa, omba ultrasaundi ya figo na kibofu. Omba kwa heshima, lakini usiondoke bila jibu.

Kaka alitolewa figo ile, anaishi na iliyobaki. Kila akienda kliniki hubeba picha zake zote za siti skani kwenye bahasha moja ya kaki, ili daktari azilinganishe na mpya.